Fidia ya Utumwa Jamaika Ilikwisha Kulipwa, Ila kwa Asiyestahili

Mwezi Juni 2025 Waziri wa Utamaduni wa Jamaika, Olivia Grange, aliliambia Bunge la nchi yake mjini Kingston kwamba serikali itampelekea Mfalme Charles wa Tatu ombi rasmi, ikimtaka ayafikishe maswali matatu mbele ya majaji wa Baraza la Faragha mjini London, ambalo ni mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Jamaika: je, kuwasafirisha Waafrika kwa nguvu hadi Jamaika na kuwafanya watumwa kulikuwa halali kwa sheria ya wakati ule, je, kitendo hicho ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na je, Uingereza ina wajibu wa kurekebisha madhara yake, ambayo hayajaisha hadi leo. Tangu siku hiyo habari hii imesomwa kwa namna moja karibu kila mahali, hata katika makundi yetu ya WhatsApp: Jamaika inaomba hela. Wanaoiunga mkono wanasema ipewe, maana imeonewa. Wanaoipinga wanasema mambo ya mababu yaachwe na mababu, yaliyopita si ndwele. Nadhani pande zote mbili zimeishika habari hii kwa upande usio wake.

Hoja yangu ni kwamba ombi hili halifungui deni jipya. Fidia ya utumwa ilikwisha kulipwa, tena kwa hesabu iliyofanywa kichwa kwa kichwa, na kwa mkopo ambao walipakodi wa Uingereza walimaliza kuulipa mwaka 2015. Ila haikumfikia mtu aliyetumikishwa, alilipwa aliyemtumikisha. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama utumwa una bei, kwa kuwa bei hiyo Bunge la Uingereza lilikwisha kuitaja lenyewe mwaka 1833. Ubishi ulio mezani ni nani aliyekuwa na haki ya kuipokea, na hilo ni suala la sheria kabla halijawa la huruma. Ndiyo maana Jamaika haikuanza kwa kubisha hodi Wizara ya Fedha, bali imeelekea kwa majaji.

Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa hicho mwaka 1655, na kufikia 1664 wakoloni wa Jamaika walikuwa wamekwisha kujitungia sheria ya watumwa, waliyoiiga kutoka Barbados. Jambo hilo la mapema lina uzito kuliko linavyoonekana. Utumwa wa mashamba ya miwa haukujiotea wenyewe kama magugu. Ulijengwa kifungu kwa kifungu, kwa sababu sheria ya kawaida ya Uingereza haikuwa na mahali pa kumweka binadamu aliye mali. Zaidi ya miaka mia moja baadaye hilo lilisemwa waziwazi mahakamani. James Somerset, mtumwa aliyeletwa London na bwana wake, alitoroka mwaka 1771, akakamatwa, akafungiwa minyororo ndani ya meli iliyokuwa ikijiandaa kung'oa nanga kwenda Jamaika, ambako angeuzwa. Jaji Mkuu, Lord Mansfield, aliamuru Juni 1772 aachiwe, akieleza kwamba utumwa ni jambo la kuchukiza kiasi kwamba hakuna kinachoweza kuusimamisha isipokuwa sheria iliyotungwa mahsusi. Mwaka 1783 jaji huyohuyo aliletewa kesi ya meli Zong. Meli hiyo ilikuwa njiani kwenda Jamaika mwishoni mwa 1781, imejaza watu kupita kiasi, na mabaharia wake wakawatosa baharini Waafrika wapatao 130. Kisha wenye meli wakadai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Wazee wa mahakama walikuwa wamewapa ushindi wenye meli. Mansfield aliona iko sababu ya kuisikiliza kesi upya, lakini alisema pia, bila kuzunguka, kwamba kwa wazee wale jambo lenyewe lilikuwa sawa na kutosa farasi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Ilianza kama kesi ya bima na ikabaki kesi ya bima.

Kesi hizo mbili zinatosha kuonyesha udhaifu wa hoja inayorudiwa kuliko zote, ile ya kwamba utumwa ulikuwa halali zama zile na hatuwezi kuwahukumu watu wa kale kwa sheria za leo. Sheria ipi? Kama ni ya Uingereza yenyewe, Jaji Mkuu wake alikwisha kusema kwamba haiutambui utumwa. Kama ni ile iliyotungwa na baraza la wenye mashamba kisiwani, basi magavana walikuwa na maagizo ya kutokubali sheria zinazokinzana na za Uingereza, na nyingine zilipelekwa London zikapitiwa na kuachwa ziendelee. Hapo mtetezi wa hoja hii anabanwa na njia panda aliyoichimba mwenyewe. Akisema sheria za watumwa hazikuwa na nguvu, amekubali kwamba watu walishikwa bila sheria kwa karibu karne mbili. Akisema zilikuwa na nguvu kwa sababu Mfalme aliziridhia, basi hawezi tena kudai kwamba utumwa ulikuwa biashara ya watu binafsi isiyohusu dola. Njia zote mbili zinaishia mlangoni kwa dola. Sitabiri majaji watasema nini; wanaweza kabisa kusema ridhaa ya Mfalme ilitosha. Lakini hata jibu hilo lingekuwa na faida kwa Jamaika, kwa kuwa lingetaja mhusika.

Nilipokuwa sekondari tulikariri sababu za kukomeshwa kwa biashara ya utumwa: mapinduzi ya viwanda, watu wa dini, Wilberforce. Jina la Samuel Sharpe sikulisikia hata mara moja. Sharpe alikuwa mtumwa wa Montego Bay na shemasi wa kanisa la Kibaptisti, na kwa kuwa alijua kusoma, alifuatilia magazetini jinsi mjadala wa utumwa ulivyokuwa ukiendelea London. Mpango wake ulikuwa mgomo. Baada ya sikukuu ya Krismasi ya 1831, miwa ikiwa tayari kukatwa na kila siku inayopotea ikimla bwana hasara, watu wangekaa chini wakatae kazi mpaka walipwe ujira. Usiku wa tarehe 27 Desemba moto uliwaka katika shamba la Kensington, kilimani, na mashamba mengine yakaitikia moja baada ya jingine. Wazungu waliouawa walikuwa kama 14. Watumwa zaidi ya 200 walikufa katika mapigano, na zaidi ya 300 walinyongwa baadaye kwa kesi za haraka. Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832, akiwa amekwisha kusema kwamba ni heri afe kwenye mti ule kuliko kuishi utumwani. Mwezi huohuo Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza namna ya kuumaliza utumwa. Sidharau kazi ya waliokusanya saini na kususia sukari huko Uingereza. Ilikuwa kubwa na ilidumu miaka mingi. Lakini anayeeleza sheria ya 1833 iliyofuta utumwa bila kumtaja Sharpe anaeleza mavuno bila kumtaja mpanzi, na ndipo inapozaliwa dhana kwamba uhuru ulikuwa zawadi, na aliyepewa zawadi hadai.

Sheria yenyewe ilipata idhini ya Mfalme tarehe 28 Agosti 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Isomwe kama mkataba ndipo utaona jambo la ajabu: pande zake ni mbili tu, serikali na wamiliki. Serikali ilitenga pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka mzima. Milioni 15 kati ya hizo zilikopwa mwaka 1835 kutoka kwa kundi la wenye mabenki lililoongozwa na Nathan Rothschild na Moses Montefiore. Makamishna wakafungua ofisi, na madai yakamiminika, si kutoka kwa wenye mashamba makubwa peke yao bali pia kwa makasisi, wajane na watu wa kawaida wa miji ya Uingereza waliorithi mtumwa mmoja au wawili ambao hawajapata kuwaona. John Gladstone, baba wa waziri mkuu wa baadaye, alipokea zaidi ya pauni 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500 wa mashamba yake ya Demerara (Guyana ya leo) na Jamaika. Jamaika peke yake ilikuwa na watumwa 311,000 hivi, na wamiliki wao walipata zaidi ya pauni milioni 6. Hati za madai ziliwapanga watu kwa mafungu: wanyapara, mafundi, watu wa shambani, watumishi wa nyumbani, watoto wa chini ya miaka 6, na fungu la mwisho la wazee, wagonjwa na wasiojiweza. Hata bibi kizee asiyeweza tena kushika jembe aliandikiwa bei, na bei hiyo ikalipwa kwa mtu aliyemmalizia nguvu zake. Na tukiwa kwenye hesabu, tusisahau kwamba Waafrika walioshushwa katika bandari za Jamaika kwa kipindi chote cha biashara hiyo wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Waliokutwa hai mwaka 1834, pamoja na watoto wa vizazi vyote vilivyozaliwa pale, hawakufikia theluthi yao.

Pauni milioni 20 hazikufikia nusu ya thamani ambayo makamishna waliwakadiria watumwa wote wa makoloni, na wamiliki walilijua hilo. Pengo lilizibwa kwa njia nyingine, nayo ndiyo sehemu ya historia hii inayosahauliwa kuliko zote: uanagenzi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1834 walioachwa huru kweli walikuwa watoto wa chini ya miaka 6. Wengine wote walibadilishwa jina, wakaitwa wanagenzi, kana kwamba mtu aliyekata miwa miaka thelathini alikuwa bado anafundishwa kukata miwa. Wa shambani walitakiwa kumtumikia bwana yuleyule bila ujira hadi 1840, na wengine hadi 1838. Jamaika ilikuwa saa 40 na nusu kwa wiki. Kwa lugha ya duka, mtumwa alichangia bei ya uhuru wake kwa jasho, na mpokeaji alikuwa aliyekwisha kulipwa na serikali. Mwanagenzi aliyetaka kutoka mapema aliruhusiwa kujinunua. Alithaminiwa, na mwenye nguvu na ujuzi ndiye aliyepandishiwa bei. Mtu kama huyo aliuzwa mara mbili kwa wanunuzi tofauti, kwanza serikali kisha yeye mwenyewe, na muuzaji alikuwa mmoja. Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na njia nyingine: kisiwa jirani cha Antigua, nacho koloni la Uingereza, kiliuruka uanagenzi, kikawaachia watu wake wote siku ileile ya 1834, na mambo yakaendelea.

Bwana alikuwa amenyang'anywa kiboko, akapewa gereza. Kijana mmoja mwanagenzi wa wilaya ya St Ann, James Williams, alieleza aliyoyapata na kuyaona huko, na ushuhuda wake ukachapishwa mwaka 1837. Katika magereza ya kazi kulikuwa na gurudumu kubwa la mbao lenye vidato kuzunguka mwili wake. Mfungwa alifungwa vifundo vya mikono kwenye boriti iliyo juu ya kichwa, akalazimishwa kukanyaga vidato huku gurudumu likizunguka chini yake; aliyekosa hatua alibaki ananing'inia kwa mikono, na kila kidato kinachopita kikimpiga kwenye miundi. Wanawake walipandishwa humo kama wanaume. Makosa yenyewe yalikuwa ya kuchelewa, kujibu, kutomaliza kazi. Ushuhuda wa namna hiyo uliamsha hasira Uingereza, na kwa msukumo wake uanagenzi ukakatishwa tarehe 1 Agosti 1838, miaka miwili kabla ya muda. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mjini Falmouth, waumini wa mchungaji William Knibb walizika jeneza walilolijaza mnyororo, kiboko na pingu ya shingo.

Asubuhi yake mtu huru alikuwa hana ardhi. Nyumba aliyoijenga mwenyewe na konde alimolima viazi vikuu vilikuwa mali ya shamba, na wenye mashamba wakaanza kumdai kodi, wengine wakitoza kila mtu wa nyumba badala ya nyumba moja, na asiyekuja kazini akitozwa zaidi au akiondolewa. Makanisa ya Kibaptisti yalisaidia kununua ardhi na kuanzisha vijiji vya watu huru, Sligoville kikiwa cha mwanzo. Mabwana nao wakaleta vibarua wa mkataba kutoka India kuanzia 1845. Oktoba 1865, Paul Bogle, shemasi mwingine wa Kibaptisti, aliongoza watu hadi mahakama ya Morant Bay kwa sababu ya ardhi, ujira na hukumu za upendeleo. Majeshi ya Gavana Eyre yaliua watu zaidi ya 400, yakachapa viboko zaidi ya 600 na kuchoma nyumba kama elfu moja. Haya yalitokea miaka 27 baada ya uhuru kamili, na hayaeleweki bila kukumbuka kwamba fedha zote za fidia zilikwenda upande mmoja.

Zipo hoja za upinzani zinazostahili heshima. Nzito kuliko zote ni ya mlipaji: dereva wa basi wa Leeds anayepambana na bili ya umeme ana kosa gani? Jibu la kawaida ni kwamba dola haifi kama watu wanavyokufa, na ni jibu sahihi, lakini lipo lililo karibu zaidi. Mkopo wa 1835 ulichanganywa na madeni mengine ya serikali na kuendelea kulipwa hadi 2015. Wizara ya Fedha ya Uingereza ilijisifu hivyo kwenye Twitter Februari 2018, ikiwaambia walipakodi kwamba wao ndio waliosaidia kuumaliza utumwa, kisha ikaufuta ujumbe huo baada ya kulaumiwa. Miongoni mwa walipakodi hao walikuwamo wauguzi na makondakta waliotoka Jamaika tangu meli ya Windrush, iliyoleta wahamiaji kutoka Karibea, ilipotia nanga Uingereza mwaka 1948. Vitukuu vya watumwa vilikuwa vikikatwa mishahara kulipia fidia ya mabwana wa mababu zao. Kwa hiyo anayesema yaliyopita si ndwele akubali kwanza kwamba hili halikupita; lilikuwa kwenye vitabu vya hesabu hadi mwaka uleule ambao Waziri Mkuu David Cameron alisimama katika Bunge la Jamaika akawasihi wasonge mbele, akiwa ameahidi pia pauni milioni 25 za kujengea gereza.

Hoja kwamba watawala wa Kiafrika nao waliuza watu ni ya kweli, lakini haimgusi mtungaji wa sheria ya Jamaika wala mpokeaji wa fidia. Hoja kwamba fedha zikija zitaliwa na wanasiasa ni ya kweli mahali pengi, na ni sababu ya kuweka usimamizi, si ya kukataa deni. Linalonitia wasiwasi mimi ni la utaratibu. Kifungu kinachomruhusu Mfalme kupeleka jambo lolote mbele ya majaji hao kimo katika sheria nyingine ya 1833, yaani Bunge lilelile, mwaka uleule, lilitunga sheria ya kuwafidia wamiliki na sheria ambayo Jamaika inaitumia sasa. Lakini Mfalme hutenda kwa ushauri wa mawaziri wake, na mawaziri hao wanaweza kumshauri asiyapeleke maswali. Hata akiyapeleka, maoni ya majaji yatakuwa ushauri, hayatakuwa hukumu ya kulipa. Anayesubiri hundi kwa njia hii atasubiri sana.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kufuatilia zaidi ya undugu wa rangi, kwa kuwa mkataba wa 1833 tulikuja kuuona kwetu. Amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa kwa shinikizo la Waingereza, haikuwaachia watumwa wa Unguja na Pemba siku hiyo. Ilimtaka kila mmoja aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana aliyethibitisha kwamba alimshika kihalali alipwe fidia. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji, na masuria hawakuingizwa katika haki hiyo hadi 1909. Ni hofu ileile ya Jamaika, kwamba mtu akiwa huru kweli atalitupa jembe, na ni mlipwaji yuleyule. Umoja wa Afrika uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki kupitia fidia, na serikali zetu zimepiga makofi. Majaji wa London wakiwahi kutamka kwamba fidia ya sheria ya 1833 ilikwenda kwa mtu asiyestahili, swali la pili litakuwa ni la 1897, na hapo mdaiwa si rahisi kumtaja: aliyeshinikiza alikuwa Mwingereza, aliyetia saini alikuwa Sultani, hazina iliyolipa ilikuwa ya Zanzibar, na wajukuu wa waliolipwa na wa walioomba uhuru wanaoana, wanazikana na wanakaa baraza moja.